"Bibi, Sisi Tutajuaje?" Uzoefu wangu wa kumrudisha mama upasuaji wa nyonga Dar

Nimekaa na jambo hili tangu kipindi cha mvua, na kila nikilikumbuka damu inachemka upya. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi aliyewekewa nyonga au goti bandia.

Mama alibadilishiwa nyonga ya kushoto miaka kumi na kitu iliyopita, huko kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ilimkaa vizuri sana. Alilima, alibeba ndizi, alicheza kwenye harusi ya mdogo wangu mpaka watu wakamtunza. Halafu yakaanza maumivu ya kinena, na mguu ukawa unafupika. Fundi viatu wa Tukuyu alimwongezea soli ya tairi kwenye kiatu cha kushoto, unene wa kidole kizima. Walipompiga picha wakasema bakuli la ile nyonga limelegea na kupanda juu, na kazi ya kurudia siyo ya pale, twendeni Dar.

Wanaoishi mjini mtasema rufaa ni karatasi tu. Mama yangu alipanda basi asubuhi, akakalia ubavu mmoja kutwa nzima, tukashuka stendi ya Mbezi usiku hawezi hata kukanyaga. Kulipopambazuka tukachukua bajaji hadi hospitali. Jina lake naliacha.

Dirishani palikuwa na mabinti wawili. Mama ana miaka sabini na mbili, yuko juu ya magongo, na bado ndiye aliyeanza: "Hamjambo wanangu?" Kimya. Shikamoo hakupewa, na salamu yake haikuitikiwa. Mmoja yuko kwenye simu. Mwingine akaivuta bahasha ya eksirei kwa ncha ya kalamu, kama vile imetoka jalalani, akauliza, "Waliweka chuma cha kampuni gani? Stika ziko wapi?" Alimaanisha vile vikaratasi vya kunata vyenye namba za kiungo bandia, vinavyobandikwa kwenye faili. Nikamweleza kwamba faili la upasuaji wa kwanza tulilitafuta kule halikuonekana. Hakunitazama mimi, alimtazama mama: "Bibi, kama wewe hujui ulichowekewa, sisi tutajuaje?"

Mama akasema, "Samahani, mwanangu."

Aliomba msamaha kwa kutojua kitu alichowekewa mwilini akiwa kwenye usingizi wa dawa! Nilipiga dirisha kwa kiganja. Mlinzi akaja. Siku hiyo niliapa nitaandika kwamba hospitali ile isikanyagwe na mtu.

Lakini niwe mkweli, maana daktari bingwa tuliyemwona siku mbili baadaye ni mtu wa aina nyingine kabisa. Alisimama kumpokea mama, akatoa shikamoo, akamvua kile kiatu yeye mwenyewe na kukigeuzageuza. Kisha akachora kwenye karatasi: bakuli, utando wa plastiki ndani yake, kichwa cha duara, na mchi unaoingia ndani ya mfupa wa paja. Mchi wa mama, alisema, umeshika imara. Kilichooza ni upande wa bakuli. Tatizo ni kwamba kichwa nacho kinaonekana kimeharibika, na kichwa kipya lazima kioane na shingo ya mchi. Kila kampuni ina vipimo vyake. Ukibahatisha, vyuma vinasagana na tunarudi tena mezani. Kwa kuwa hatujui mchi ni wa nani, huenda ikabidi kuung'oa, na kung'oa mchi ulioshika ni kuupasua mfupa wa paja na kuufunga upya kwa waya.

Kwa hiyo swali la yule binti lilikuwa swali sahihi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alimuuliza mtu asiyestahili kuulizwa.

Nina binamu yangu muuguzi Uingereza. Nilipompigia alishangaa. Kule, tangu 2003, nyonga na magoti bandia yanaandikwa kwenye daftari moja la taifa: kampuni, namba, hospitali, daktari. Mtu akirudi kupasuliwa wanaona alirudi kwa sababu gani: kulegea, maambukizi, kuteguka, mfupa kuvunjika. Wanaona pia hospitali ipi wagonjwa wake wanarudi kuliko kawaida. Sweden walianza na magoti 1975, nyonga 1979. Australia, daftari lao ndilo lililoonyesha mapema kwamba nyonga moja ya chuma kwa chuma, ASR, inawarudisha watu mezani kupita kiasi, na 2010 kampuni ikaiondoa sokoni dunia nzima.

Mtasema hizo ni nchi tajiri. Basi Malawi je? Malawi walianza daftari lao la viungo bandia 2005. Malawi! Kutoka kwa mama hadi mpaka wa Kasumulu ni karibu kuliko kwenda Mbeya mjini. Angepasuliwa ng'ambo ya mto Songwe pengine leo kuna mahali ameandikwa. Mimi niliuliza hospitali tatu za hapa kwetu: wanaopasuliwa Mbeya wanarudi zaidi ya wanaopasuliwa Moshi au Dar? Hakuna aliyenifungulia kitabu chochote. Kila mmoja ana "uzoefu" wake.

Na kurudi si aibu. Hesabu za nchi zenye madaftari ya siku nyingi zinaonyesha kwamba nyonga kama 6 tu kati ya 10 ndizo zinazofikisha miaka 25, magoti kama 8. Maana yake wagonjwa wa kurudi watakuwepo tu. Hasa wale vijana wa selimundu ambao nyonga zao hufa mapema na kubadilishwa wakiwa na miaka ishirini au thelathini. Hao watarudi mara ngapi, na nani atakuwa na stika zao?

Mchi uling'olewa. Upasuaji ulichukua karibu siku nzima, damu chupa nne, na sisi ndugu tulihangaika kutafuta wachangiaji. Leo mama anatembea kwa gongo moja, miguu imelingana, kiatu cha tairi kakiacha wodini. Siku ya kuagana alimshika daktari mikono yote miwili akamwambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Kwa daktari yule na manesi wa wodi ile nawapa alama zote. Nilitaka kuifuta hasira yangu yote na kuandika nendeni, nendeni hapohapo.

Kisha nikaenda dirishani kuomba nakala ya stika za nyonga mpya. "Hatutoi, zinabaki kwenye faili." Faili! Nesi mmoja wa wodini ndiye aliyenihurumia, akalifungua faili mbele yangu nikazipiga picha: stika nne zenye namba na mistari myeusi. Moja nimeichapisha iko kwenye sanduku la mama la kanga, nyingine kwa dada yangu Mbeya, nyingine kwangu. Ombeni stika kabla mgonjwa hajaruhusiwa, hata kama mtafukuzwa mara tatu.

Kliniki tumesharudi mara mbili. Yule binti bado yuko dirishani, na bado mama ndiye anayeanza kumsalimu.