Magego mawili, njia mbili: chapa ya trei na skana ya meno

Nina kofia mbili za meno, yaani vifuniko vigumu vinavyovikwa juu ya jino lililochongwa. Ya gego la chini kulia niliwekewa mwaka 2019 kwa chapa ya kawaida, ile ya kuuma trei yenye ute unaoganda na kushika umbo la meno. Ya kushoto niliwekewa mwaka 2024 kwa skana, kifaa kinachopiga picha za meno mdomoni na kuzionyesha kwenye skrini. Kliniki ni mbili tofauti, zote za Dar es Salaam, kwa hiyo siwezi kusema kila tofauti imeletwa na kifaa. Lakini mdomo ni huu huu mmoja, na kofia zote mbili nazitafunia kila siku.

Ile ya kwanza, jino lilichongwa nikiwa na ganzi, kisha ikaja trei ya silikoni kwa meno ya chini na ya alijineti kwa meno ya juu. Alijineti ni unga unaokorogwa na maji; asili yake ni mwani wa kahawia, si huu mwekundu unaolimwa Zanzibar. Inaganda kwa dakika chache, ila dakika hizo kitu kikitambaa kuelekea kooni ni ndefu sana. Nilitapika kidogo. Hilo nilishalisamehe.

Lililoniumiza ni kipimo cha mng'ato, yaani meno ya juu na ya chini yanakutana wapi. Niliwekewa kipande cha nta iliyolainishwa kwenye maji ya moto, nikaambiwa, "Uma, dada." Nikauma. Nusu ya taya ilikuwa imekufa ganzi, sikujua nimeuma wapi. Nta ikapoa, ikapelekwa maabara pamoja na chapa, na fundi akaoanisha sanamu za plasta za meno ya juu na ya chini kwa kuifuata nta hiyo. Kofia ilirudi ndefu. Kila nikifunga mdomo, jino hilo lilikuwa la kwanza kugusa. Nilirudi mara tatu kusagwa, kila mara nikiuma ile karatasi ya rangi inayoacha alama panapogusa, mpaka ung'avu wa juu ukaisha. Kwa miezi miwili muhogo nilikuwa natafunia upande mmoja, na asubuhi naamka taya inauma.

Mwaka 2024 daktari alianza kabla ya ganzi. Alipitisha kichwa cha skana juu ya meno ya chini, kisha ya juu, halafu akaniambia nimeze mate, nifunge meno ya nyuma bila kusukuma taya mbele, akapiga picha kutoka upande wa shavu, kushoto na kulia. Mashine hutumia picha hizo za pembeni kukutanisha taya mbili. Kwenye skrini sehemu zinazogusana zilikuwa na rangi. Upande wa kulia hapakuwa na rangi hata chembe.

Akachukua ukanda mwembamba, akauweka katikati ya magego ya kulia, akaniambia nifunge. Akauvuta, haukutoka. Maana yake meno yanabana kweli, ila wakati wa picha nilikuwa nimeteleza na taya. Akafuta, tukarudia, rangi ikatokea pande zote mbili. Dakika moja tu. Kosa la namna ile ile mwaka 2019 lilisafiri hadi maabara na kunirudia likiwa jino. Hapa ndipo skana iliponiteka moyo: yenyewe haijui nimeuma vizuri au vibaya, hurekodi chochote ninachofanya, lakini daktari anaona pale pale, na mimi naona.

Kasoro zake zipo. Kichwa cha skana ni kinene, na kule nyuma kabisa shavu lilivutwa hadi likauma. Mate yakijaa, picha inakatika. Ufizi ulipovuja damu kidogo baada ya kuchongwa, kazi ilisimama. Daktari akazungushia jino uzi kuusogeza ufizi, kwa sababu skana haioni palipofunikwa, wakati silikoni huweza kupenya kidogo. Na nililipa zaidi. Kofia ilipofika ilisagwa sehemu moja tu, basi.

Nilipompeleka Mama kwa daktari huyo huyo kutengenezewa meno ya bandia, nilidhani skana itatolewa tena. Haikutolewa. Mama hana jino hata moja, kwa hiyo hakuna meno ya kuionyesha mashine taya zinakutana wapi. Daktari alitengeneza kuta za nta za kukaa mahali pa meno, akamwambia, "Mama, gusa kaakaa kwa ncha ya ulimi, nyuma kabisa, halafu funga polepole." Taya ikarudi mahali pake. Alirudia hivyo mara tatu, siku mbili tofauti, na sikumwona akiwa na haraka.

Meno yalipojaribiwa yakiwa bado yameshikwa na nta, alimwomba Mama ahesabu kuanzia sitini. Kama yamewekwa marefu, alisema, yatagongana katikati ya maneno. Mama akahesabu sitini na sita, sitini na saba, akafika sabini, nami nimetega sikio. Hayakugonga.