TAHADHARI: Rivolva za "bei poa" zinazouzwa WhatsApp hapa Mombasa

Wapenzi wa shabaha, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu akiuza rivolva za singo aksheni, zile za kikauboi, kwa shilingi 28,000. Usimtumie hata ndururu. Mwenzetu mmoja ninayelenga naye shabaha ameshaliwa pesa, na baada ya kuliwa akatishwa. Hilo la kutishwa ndilo lililonifanya niandike.

Bei ndiyo chambo, na kimetiwa na mtu aliyefanya hesabu. Ruger Wrangler, rivolva ya namna hiyo ya risasi ndogo za .22, ilipotoka mwaka 2019 bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola 249, na mwenzake Heritage Rough Rider mara nyingi huuzwa chini ya dola 200. Geuza kwa shilingi, unafika palepale anapotaka ufike. Mtu anapekua mtandaoni, anaona bei zinakaribiana, moyo unatulia. Asichojiuliza ni kwamba hiyo ni bei ya kaunta ya Marekani, kabla ya kibali cha kuingiza, usafiri, ushuru na faida ya muuzaji mwenye leseni. Silaha haishuki Kilindini kama robota la mitumba ikakufikia mkononi kwa bei ya Texas.

Niliposikia yaliyompata mwenzetu nilimwandikia huyo jamaa nikijifanya mteja. Akaniita "boss" na kusema stoo yake iko Changamwe. Picha alizonitumia zina kikaratasi cha bei kinachoning'inia kwenye kilinda kifyatulio, na bei ni ya dola. Sehemu ya namba ya silaha imepakwa ukungu. Nikamuuliza inajazwaje. Akajibu inakuja na magazini mbili, moja ya bure.

Magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola! Rivolva ya namna hii ina silinda, gurudumu lenye matundu ya risasi. Unafungua kilango kidogo ubavuni, unatia risasi moja moja huku ukizungusha, na maganda unayasukuma nje moja moja kwa kijiti kilicholala chini ya mtutu. Nikamchokoza tena: je, kila risasi lazima nirudishe nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, kwa dole gumba? "Hapana boss, hii otomatiki, unafinya tu." Basi. Tangu ile rivolva ya Colt ya mwaka 1873, maana nzima ya singo aksheni ni kwamba kifyatulio hakiinui nyundo, kinaiachilia tu. Usipoirudisha kwa mkono, utafinya mpaka kesho. Sikufika hata kumuuliza kama ni ya mtindo wa zamani, ile ambayo wajuzi huijaza risasi tano na kuiacha nyundo juu ya tundu tupu isije ikaanguka ikafyatuka. Ruger walilitatua hilo mwaka 1973. Muuzaji wa kweli angelitaja kabla hujauliza, maana hawa watu wa silaha wakianza kueleza hawanyamazi.

Lakini hata angejua kila skrubu, bado ningewaambia mkimbie, kwa sababu ya maneno haya aliyomwandikia mwenzetu: "Cheti kitafuata baada ya delivari."

Hakifuati. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kwanza, na haisemi kumiliki tu. Hata kununua bila cheti ni kosa. Cheti chenyewe hutaja silaha ni ya aina gani, namba yake, na risasi kiasi gani unaruhusiwa kununua na kukaa nazo. Ndiyo maana namba iliyofichwa si jambo dogo. Anayetoa cheti ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, si mtu wa grupu mwenye picha ya simba kwenye wasifu. Na tuseme mzigo ungefika kweli, kwa basi, Mwembe Tayari, umefungwa kwenye boksi la blenda kama alivyoahidi. Risiti utaitoa wapi? Utajuaje bastola hiyo haijatumika kumwibia au kumuua mtu mahali? Ukishikwa nayo, maelezo ya kwamba wewe ni mpenda shabaha tu yatasikilizwa ukiwa ndani.

Akibanwa kuhusu cheti ana jibu la pili: kwamba hii ni ya baruti nyeusi, "ya zamani", haihitaji leseni. Hilo amelitoa kwenye kurasa za Wamarekani. Sheria ya shirikisho ya silaha kule haizibani nyingi za aina hiyo, hata nakala mpya kutoka Italia za watengenezaji kama Pietta na Uberti. Hapa si kule. Nakala iliyotengenezwa juzi, yenye mtutu unaotoa risasi ya kuua, ni silaha.

Sasa mwenzetu. Alituma nusu ya pesa kwa M-Pesa, na jina lililotokea halikuwa la muuzaji. Akaambiwa ni "mhasibu". Kisha ikaja ada ya bima. Kisha "ya askari wa barabarani", eti basi limesimamishwa Mariakani. Aliposema basi, nirudishie changu, ndipo ujumbe ulipobadilika, akamtishia na DCI, idara ya upelelezi wa jinai: "Nina skrinshoti zako zote. Tuma 15,000 la sivyo nazipeleka DCI, ujieleze mbona unatafuta bunduki." Kijana wa watu hakulala. Alikuwa tayari kukopa alipe.

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Bastola haipo wala haijawahi kuwapo. Kinachouzwa ni hofu yako. Mwizi huyu ndiye mtu wa mwisho anayetaka kuingia ofisi ya DCI. Tukamtafutia wakili, wakaenda wenyewe kuripoti, na tangu siku hiyo vitisho vimekatika. Pesa hazijarudi, na sitarajii.

Kama umetuma leo hii, usimpigie kumbembeleza. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo kwa 456, namba ya Safaricom, uombe pesa zirudishwe kabla hajazitoa, na namba inayokusumbua iripoti kwa 333. Hifadhi mazungumzo yote, pamoja na lile jina la "mhasibu", kwa sababu ana kawaida ya kufuta ujumbe akishalipwa. Anayetaka rivolva ya bei nafuu kwa halali aanzie klabuni kwake, aulize nani mwenye cheti anauza yake na Bodi inataka nini ili umiliki uhame. Ni polepole na inachosha. Na kama jamaa huyu ameshaingia grupu lenu, admini amtoe leo, kisha mniandikie inboksi jina analotumia huko, maana kwetu ameshabadilisha.