Matatu za kubuku Kisumu–Nakuru, zile hazingojei kujaa

Hii ruti naitumia sana juu mamangu anaenda kliniki Nakuru, na magari ya huko nimepanda karibu aina zote, sasa leo niongelee zile matatu za viti 11 unabuku na simu, unalipa na M-Pesa unatumiwa namba ya kiti na saa ya kuondoka. Wakisema saa mbili asubuhi, saa mbili mlango unafungwa, hata viti vitatu vikiwa wazi dereva anawasha gari mnaenda.

Kama hujawahi kukaa kwa steji ya kawaida utaona ni kitu kidogo. Pale ukitokea tu makanga ameshika begi yako, "madam ingia, wawili iondoke", unachungulia unaona watu wamejaa, unaingia unalipa, halafu abiria wa ukweli akija mmoja wa wale uliowakuta anashuka pole pole na gazeti yake kama mtu anaenda kununua maji, mwingine akija anashuka mwingine, hapo ndio unaelewa walikuwa wamewekwa kukalia viti na wewe ni abiria wa nne tu. Hapo unaeza maliza saa moja na nusu, jua ya Kisumu inachoma bati na mamako na presha yake anauliza kama daktari atakuwa bado yuko.

Watu husema hiyo ndio African time, ati sisi Waafrika tuko hivyo. Mimi nakataa. Huyo makanga ameamka saa kumi usiku, si mvivu. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, na ubebe watu wanne ama kumi na mmoja ile mlima ya kupanda Kericho inakula mafuta tu, kwa hivyo hasara ya kiti tupu lazima mtu aibebe, na kwa steji anayeibeba ni abiria, analipa na masaa yake. Kwa hizi za kubuku kiti ililipiwa jana, ukichelewa hasara ni yako, na watu wale wale wa Kondele na Nyamasaria unawakuta wamefika mapema na mizigo yao ya omena.

Kitu ingine naipendea ni barabarani. Gari iliyokwama steji hutafuta ule muda wake huko mbele, na huko mbele ni Mau Summit na Salgaa penye malori yanateremka, sasa umefinywa kwa kiti unaomba Mungu tu. Hizi zinaenda na ile kilomita 80 kwa saa ya sheria bila haraka. Saa ya kufika hawakuahidi, na ni haki yao, juu ukipata jam ya trela hakuna cha kufanya.

Lakini kuna siku iliniuma sana. Dani mmoja, yaani nyanya mzee, alikuwa anavuka barabara na kiondo chake, tunamuona, abiria wakasema dereva ngoja huyo ni wetu, dereva akasema saa imefika na akaondoka. Namba ya simu ya huyo mama wanayo, si ndio alilipia nayo, hata kumpigia hawakumpigia, na nikasikia baadaye alilipishwa upya gari iliyofuata. Huku kwetu hata kwa mazishi tunangoja wakwe waliotoka mbali wafike kabla watu waanze kuongea, na hiyo si kupoteza wakati, ni heshima. Japani kweli mwaka wa 2017 kampuni ya Tsukuba Express iliomba msamaha juu treni iliondoka sekunde 20 mapema, lakini Ujerumani treni ya Deutsche Bahn ikichelewa chini ya dakika 6 bado wanahesabu imefika kwa wakati. Kila mahali wamejichagulia kipimo chao. Sisi tuchague dakika tano na simu moja, na mtu akiachwa ahamishiwe gari ifuatayo bila kulipa tena.

Nauli iko juu kidogo kuliko ya steji na kwangu inafaa kabisa. Mikanda inafunga, na pale Kericho mnapewa nafasi ya choo na chai. Ukisafiri na mzee buku ile ya asubuhi mapema, na usiku wa kuamkia safari mpigie dereva umwambie uko na mzee, namba yake iko kwa meseji ya tiketi.