TAHADHARI: Muuza unga wa "kufungua vipokezi vya kifo" kwa wagonjwa wa saratani

Ndugu zangu, hasa mlio na mgonjwa wa saratani nyumbani, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza unga wa kijani. Kopo shilingi 180,000, na "dozi kamili" ni makopo matatu. Mama yangu mdogo ana saratani ya matiti na ameshanunua mawili. Pesa aliituma kwa namba yenye jina la mtu mwingine, mzigo ukaja na basi. Kopo halina namba ya usajili wala tarehe ya kuisha, na kiwanda hakijatajwa.

Nafundisha baiolojia, na kilichonishtua ni mchoro anaowatumia wagonjwa. Mchoro ni wa kweli! Juu ya utando wa seli kweli kuna vipokezi, yaani protini zinazopokea ujumbe kutoka nje, vinavyoitwa vya kifo, na kimoja ni Fas. Seli ya kinga ikikigusa kwa protini yake, Fas hukusanyika pamoja, na kwa ndani hushikwa na protini iitwayo FADD. Hiyo huzisogeza karibu kaspasi-8 (kaspasi ni vimeng'enya vinavyokata protini), ambazo zikibanana hukatana na kuamka, kisha huamsha kaspasi-3. Hapo seli inajivunja yenyewe kwa utaratibu: inasinyaa, inagawanyika vipande, na vipande vinamezwa na seli za jirani.

Sasa muuzaji anasema unga wake unafungua mlango huo "kwenye seli za saratani tu". Huo ni uongo, na ni uongo wa hatari. Fas ipo pia kwenye seli zenye afya, zikiwemo za ini. Mwaka 1993 watafiti wa Japani waliwadunga panya kingamwili inayoiwasha Fas, na panya wakafa ndani ya saa chache, ini limeharibika. Wanasayansi wakageukia vipokezi vingine vya kifo, vya protini iitwayo TRAIL, kwa kuwa maabara vilionyesha kuua seli nyingi za saratani na kuziacha nyingi za kawaida. Dawa zikatengenezwa, wagonjwa wakadungwa mshipani, na nyingi hazikuleta nafuu iliyotarajiwa. Tena zile ni protini. Ukizinywa, tumbo linazimeng'enya kama maharage.

Mama mdogo alipoanza kuwa na macho ya njano alimpigia. Akajibiwa: "Usiogope mama, hizo ni seli za saratani zinajisafisha, ongeza kijiko." Macho ya njano! Hiyo ni dalili ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Na muuzaji alikuwa ameshamwambia aache dripu za dawa za saratani, eti zinaziba vipokezi. Ameruka mizunguko miwili ya matibabu. Hilo ndilo linaniuma kuliko pesa.

Utamtambua hivi: anaomba picha ya majibu ya vipimo kabla ya kutaja bei, anakuita mama au baba kwa upole sana, na ukimuuliza unga umetengenezwa na nini anasema ni siri ya utafiti. Ukiendelea kuuliza, anakutoa kwenye grupu.

Kama mgonjwa wako anautumia, asimamishe leo na mwambieni daktari wake bila aibu, hata kama mlimficha. Kopo msilitupe, nendeni nalo hospitali, kisha mtoe taarifa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania) pamoja na namba iliyopokea pesa na risiti ya basi. Sisi tumeshapeleka la kwetu. Mama mdogo alipimwa ini juzi, na daktari anasubiri lipoe ndipo arudishwe kwenye dripu.