Programu ya mazoezi ya Kiingereza niliyoitumia kujiandaa kwa mtihani: lipia kugeuza sentensi, mengine yaache

Nianze na hukumu, ili wasiopenda maelezo marefu wapumzike mapema. Kwa anayejiandaa kwa B2 First, mtihani wa Kiingereza wa Cambridge wa ngazi ya juu ya kati, programu hii ya simu inafaa, ila si kwa kile inachojinadi nacho. Inajinadi kwa maelfu ya maswali ya kuchagua jibu. Mimi nimenufaika na kona moja iliyofichwa chini kabisa ya menyu, ya kugeuza sentensi. Jina silitaji, kwa kuwa nina malalamiko nayo, na pia ziko nyingi za aina hii zinazofanana kama mapacha. Nikieleza inavyofanya kazi utaona kama na yako ni hiyo hiyo.

Kwanza mtihani wenyewe, maana huwezi kuipima zana bila kuijua kazi. Karatasi ya kwanza ya B2 First inaitwa Reading and Use of English: dakika 75, maswali 52, sehemu 7. Sehemu nne za mwanzo ndizo za sarufi na msamiati. Ya kwanza, unachagua neno moja kati ya manne. Ya pili, unajaza neno moja bila kupewa chaguo lolote. Ya tatu, unapewa shina la neno ulinyambue mpaka likae sawa kwenye sentensi. Ya nne, unapewa sentensi pamoja na neno la lazima, kisha unakamilisha sentensi ya pili kwa maneno mawili hadi matano bila kupotosha maana. Katika hizo nne, ya kuchagua ni moja tu. Sasa fungua programu yoyote ya mazoezi uone: kuchagua, kuchagua, kuchagua. Si ajabu, maswali hayo ni rahisi kutunga na mashine inayasahihisha bila kutoka jasho.

Ubaya wake ni kwamba asilimia inapanda haraka na mtu anajiona ameiva. Jibu likiwa limekaa mbele yako katikati ya mengine matatu, unalitambua tu, pengine hata kwa sauti yake. Likiondolewa, ukabaki na nafasi tupu, ndipo unapojua ulichonacho. Hasa kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, kwa sababu vitenzi vyetu vimemeza mengi. Ukisema "nisubiri" au "nisikilize", umemaliza, hakuna kilichobaki nje. Kiingereza kinadai "wait for me", "listen to me", na nafasi tupu za sehemu ya pili hupenda kukaa hapo hapo, kwenye for na to. Vivyo hivyo "-ni" yetu: shuleni, mezani, mfukoni, yote inayabeba yenyewe. Kiingereza kinataka at, on, in, kila moja mahali pake. Programu haiyajui haya, kwa kuwa imetungiwa mwanafunzi wa popote, lakini ina seti ya kujaza neno moja ambayo ni nzuri kweli. Kila ukikosa, inakuletea sentensi nyingine yenye shida ile ile, si swali lile lile. Hapo nawapa heko.

Kunyambua maneno nako kumefanywa vizuri. Ukigusa shina, unaletewa ukoo wake mzima. Chukua ABLE: ability, inability, enable, disabled, ably. Mtego mkubwa wa sehemu hii ni ukanushi. "His ……… to listen cost him the job." Mwenye haraka ataandika ability, maana ni nomino na nafasi inataka nomino. Sentensi yenyewe inasema mtu kapoteza kazi, kwa hiyo jibu ni inability. Programu ina mazoezi mengi ya namna hii, na maelezo yake ni mafupi, yanakwenda moja kwa moja kwenye sababu. Yako kwa Kiingereza tu, kwa hiyo aliye chini ya ngazi ya B1, ile inayotangulia B2, atahangaika.

Sasa kugeuza sentensi, ambako ndiko pesa yangu ilikokwenda vizuri na ndiko hasira zangu ziliko. Mfano wa kwangu: "It was a mistake to lend him the money." Neno la lazima ni SHOULD. Unapewa "I ……… him the money" ukamilishe. Jibu: shouldn't have lent. Swali moja hilo limekupima mambo mawili, majuto ya jambo lililopita na umbo la tatu la kitenzi lend, na huwezi kulibahatisha. Ukifanya ya aina hii kwa wingi, unaanza kuziona sentensi za Kiingereza kama kitu kinachoweza kugeuzwa huku na huku. Faida yake niliiona hata kwenye insha, maana nilikuwa na njia zaidi ya moja ya kusema jambo.

Lakini kusahihisha kwao ni kwa ovyo. Kwenye mtihani halisi, kila swali la sehemu hii lina alama 2, na ukipata nusu unapewa 1. Programu haijui nusu: umepata au umekosa. Pia nikiandika should not have lent, inakataa, kwa sababu kwenye ufunguo wao limo umbo la mkato peke yake. Kibaya zaidi, inahesabu shouldn't kuwa neno moja, wakati Cambridge wanalihesabu kuwa mawili. Mtu anayeamini hesabu ya programu atavuka maneno matano kwenye mtihani huku akidhani yuko ndani ya mpaka. Niliwaandikia kuhusu hilo, nikajibiwa kwa ujumbe wa shukrani wa mashine, na kosa lipo hadi leo.

Upande wa msamiati nauruka. Ni orodha za maneno zenye picha. Neno likiwa peke yake halikusaidii kwenye mtihani unaouliza neno gani linakwenda na lipi. Kazi hiyo niliihamishia Anki, programu ya kadi ambayo ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Kadi unayoikumbuka inasogezwa mbele, unayoisahau inarudi upesi. Wazo lenyewe ni la zamani: mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo vya usahaulifu, alivyovifanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, mwaka 1885. Kadi zangu ni sentensi nzima zenye tundu moja, kama "The rain put us ……… going", ambapo jibu ni off. Nilizitunga mwenyewe kutokana na yale niliyokosa, na naona ndiyo siri yake. Kadi zilizotungwa na wengine nilizipakua nikazifuta.

Kama mtihani wako ni IELTS, ule mtihani mwingine wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vikuu vingi vya nje, punguza matumaini. Kule hakuna karatasi ya sarufi. Sarufi inapimwa ndani ya maandishi na mazungumzo yako, na inabeba robo ya alama katika kila moja. Msamiati nao robo. Una saa moja ya kuandika vipande viwili, cha maneno yasiyopungua 150 na cha yasiyopungua 250, na hakuna nafasi tupu itakayokufundisha hilo. Kwa msamiati wa kitaaluma, orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye koo 570 za maneno, itakufaa kuliko mada za picha za kwenye programu hii.

Wana pia kisahihishi cha insha. Kinakamata tahajia na mikato, hapo sina neno. Nilikipa aya nzuri kimuundo isiyojibu swali hata kidogo, kikaisifu. Halafu kinapenda moreover na furthermore kupita kiasi, kila aya kinakupendekezea moja. Ukikifuata utaandika kama barua ya wakili. Insha mpe mtu anayekijua Kiingereza aisome, hata kama si mwalimu.

Arifa nazo! Kuna alama ya moto inayohesabu siku ulizofanya mazoezi mfululizo, na ikikaribia kuzimika simu inalia usiku. Watu wanaishia kufanya maswali matano mepesi ili moto usizime, na wanahesabu wamesoma. Nilizima arifa zote, na sikupungukiwa na kitu.

Kuhusu malipo: toleo la bure linakupa kuchagua jibu na matangazo. Kujaza, kunyambua na kugeuza viko nyuma ya usajili wa kila mwezi. Sioni sababu ya kulipia mwaka mzima kama wanavyokusukuma. Anza na vitabu vya mazoezi au karatasi za mfano ambazo Cambridge wenyewe wameziweka bure kwenye tovuti yao, kisha lipia programu muda mfupi kabla ya mtihani, ufanye kugeuza sentensi kwa wingi huku ukihesabu maneno mwenyewe. Na usajili unajirudia wenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakuusimamishi; ingia kwenye duka la programu la simu yako, sehemu ya usajili, uukatishe huko. Kwa kawaida utaendelea kuitumia hadi muda uliolipia uishe.