Darasa la jioni la Kiingereza Ngamiani: sikio limepewa haki yake, imla bado

Jioni ya kwanza katika darasa hili la watu wazima, huku kwenye barabara za namba za Ngamiani, Tanga, hakuna mtihani wa sarufi. Mwalimu hutamka maneno ya kubuni yasiyo na maana, ya silabi 2 mpaka 6, na kila mtu huyarudia. Ni hatua ya kupongezwa, kwani mara nyingi mtu hupangwa kwa kidato alichoishia. Anayekwama kwenye silabi 4 hana kichwa kizito: kumbukumbu inayoshika sauti hubeba takribani sekunde 2 za maneno, yasiporudiwa yanafutika, na watu hawalingani.

Jaribio la pili ni sentensi za lugha ngeni pamoja na tafsiri zake, mwanafunzi aibue kanuni. Hicho ni kipawa kingine kabisa. John Carroll, Mmarekani aliyeshiriki kutunga jaribio la kipaji cha lugha la mwaka 1959, alivitenganisha viwili hivi. Mwenye sikio kali huweza kupitia mifano ishirini asiione kanuni. Huyo aelezwe kwa Kiswahili, mapema.

Somo la sauti ni zuri mno. Kiswahili kina irabu 5, hivyo «ship» na «sheep» zote huangukia kwenye i yetu. Hapa hutumiwa sauti zilizorekodiwa za wasemaji kadhaa, wake kwa waume, na mwanafunzi huambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Sauti ya mwalimu mmoja ingewazoesha mwalimu, si lugha.

Imla ndiyo inayoharibu. Baada ya kupima kumbukumbu kwa uangalifu wote ule, wiki ya pili kila mtu husomewa sentensi ya maneno 12, mara moja tu. Mwenye kumbukumbu finyu anapoandika mwanzo, mwisho umeshampotea, na daftari lake husahihishwa kana kwamba hajui msamiati. Sentensi ikatwe vipande vya maneno 3 au 4, kila kipande kirudiwe kwa sauti, ndipo viunganishwe.

Msamiati nao ni maneno 30 kwa jioni. Mengi mno, hasa kwa aliyetoka bandarini amechoka: 10 yanatosha, yarudiwe kesho yake, siku ya 3 na siku ya 7.

Ukikwama kwenye silabi 4, omba ruhusa ya kurekodi imla kwa simu, uisikilize nyumbani kipande kwa kipande kabla ya kuandika.