Voyage ya ABBA: uzoefu wangu na albamu iliyochelewa

Nimekuwa nikiisikiliza Voyage, albamu ya mwisho ya ABBA, kundi la pop la Uswidi, tangu ilipotoka tarehe 5 Novemba 2021, na maoni yangu hayajabadilika: uzuri wake umo katika nyimbo zile ambamo waimbaji wameukubali umri wao, na udhaifu wake unaonekana pale wanapojaribu kurudi ujanani.

Kwetu Bombo, Uganda, kundi hili halihitaji kutambulishwa, kwa sababu wazee wetu walitulea kwa kaseti zake, na kila mwaka unapokaribia kwisha redio hutupigia Happy New Year. Ndiyo maana habari ya Aprili 2018, kwamba wanakundi wote wanne, Agnetha, Björn, Benny na Anni-Frid, walikuwa wamerekodi nyimbo mbili mpya, ilitufurahisha mno, kisha ikatuchosha. Tuliahidiwa kwamba wimbo mmoja ungesikika kabla mwaka huo haujaisha. Lakini maandalizi ya onyesho lao la kidijitali, ambamo sura zao za kompyuta zingeimba, yalicheleweshwa, ikaja korona, na hatukusikia chochote hadi Septemba 2021. Kufikia hapo nyimbo hizo mbili zilikuwa zimezaa albamu nzima ya nyimbo 10, ya kwanza tangu The Visitors ya mwaka 1981.

Niliinunua kwa kuipakua kwenye simu, wakati bando lilikuwa tayari limewekewa ushuru wa asilimia 12. Na kwa kuwa kafyu ya saa moja jioni ilikuwa haijaondolewa, niliisikiliza nyumbani usiku, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo.

Kilichonigusa kwanza ni sauti. Wote wanne walikuwa wameshapita miaka 70, na hawakujaribu kulificha jambo hilo. Anni-Frid anapoianza I Still Have Faith in You, sauti yake iko chini na ina uzito ambao hakuwa nao katika Fernando, wimbo wao wa zamani, na swali la wimbo huo, kama bado wana uwezo wa kuimba pamoja, linaaminika kwa sababu anayeliuliza anasikika kweli kuwa ameishi miaka mingi.

Hata hivyo, wimbo ninaouthamini kuliko yote ni Keep an Eye on Dan. Mama aliyeachana na mumewe anampelekea baba mtoto wao, anatoa maagizo ya kawaida ya mzazi, kisha anaondoka akijikaza. Hakuna anayelaumiwa, wala hakuna anayeomba huruma. Tukikumbuka kwamba ndoa zote mbili za kundi hili zilivunjika, na kwamba waliotalikiana ndio hao hao wanaotunga na kuimba, tunaelewa ni kwa nini maneno haya yasingeweza kuandikwa na vijana. Mwishoni kabisa piano inapiga kipande kifupi cha S.O.S., wimbo wao wa mwaka 1975, nami nilipokitambua nilirudia wimbo wote.

Sehemu nyingine hazifikii kiwango hicho. Little Things, wimbo wa Krismasi wenye kwaya ya watoto, una utamu uliopita kiasi. Bumblebee ina nia njema kuhusu mazingira, lakini muziki wake hausogei. Just a Notion ni tatizo la aina yake: sauti zake zilirekodiwa mwaka 1978, na ala tu ndizo zilizopigwa upya. Ni wimbo mchangamfu, ila kuuweka katikati ya albamu hii kunamlazimisha msikilizaji kupima sauti za leo kwa zile za ujana, jambo ambalo nyimbo nyingine zilikuwa zimeliepuka kwa heshima. Mimi ningeutoa kando, peke yake.

Anayetafuta muziki wa kuchezesha watu harusini atafaidika zaidi na Gold, mkusanyiko wa mwaka 1992. Anayeitaka Voyage namshauri aanze na Don't Shut Me Down, ambapo Agnetha anaanza kwa utulivu, halafu piano inateremka kwa kasi na ngoma zinaingia. Atumie spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu spika ya simu humeza besi yote, na kile kipande cha piano mwishoni mwa Keep an Eye on Dan kinaweza kumpita bila kukisikia.